Mwenda Pole na Furukombe: Dhana ya Upole katika Lugha na Simulizi za Kitui na Makueni

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa ule unaoandikwa kwa ajili ya shule na vyuo, ni nadra kumkosa mhusika anayeelezwa kuwa 'mpole'. Neno hilo huwekwa katika orodha ya sifa za wahusika, baina ya 'mnyenyekevu' na 'mvumilivu', kisha hufuatiwa na ushahidi wa aina moja: mhusika alitukanwa asijibu, alipigwa asirudishe, alidhulumiwa akanyamaza. Baada ya hapo mhakiki humwendea mhusika mwingine, kwa kawaida yule mwenye hasira, ambaye ndiye anayechukuliwa kuwa anausukuma mbele mtiririko wa matukio. Mpole, kwa usomaji huu, ni mtu wa kutendwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba usomaji huo unalipunja neno, na kwamba upungufu wake hudhihirika zaidi neno hilo linapofuatwa hadi Kitui na Makueni, mahali ambapo limekuwa likitumiwa na wenyeji kwa namna moja na kutumiwa juu yao kwa namna nyingine.

Jambo hili lingekuwa dogo lau lingeishia katika miongozo ya vitabu teule. Lakini kauli kwamba Wakamba ni watu wapole husikika mno nchini Kenya, katika mizaha ya mitaani na katika hesabu za wanasiasa, na kila isemwapo na mtu wa nje huwa ina sifa upande mmoja na dharau upande wa pili. Anayesifiwa hivyo huwa ameambiwa pia kwamba hatarajiwi kudai kitu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na toleo lake la kauli hiyohiyo: iliwaandikisha Wakamba kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles, ikawasifu kuwa askari hodari na kwa pumzi ileile ikawasifu kuwa watiifu. Ni vigumu kuelewa jinsi watu walewale wanavyoweza kuwa wapole na papo hapo wakateuliwa kwa ajili ya vita, isipokuwa kama neno 'mpole' limebeba maana ambayo waliolitumia hawakuitazama vizuri.

Inafaa basi kuanza na neno lenyewe. Kamusi za Kiswahili huliorodhesha 'pole' kama neno la kumfariji aliyepatwa na msiba au maumivu, na pia kama kielezi cha jambo lisilofanywa kwa haraka. 'Mpole' na 'upole' hufuata kama sifa ya mtu na jina la sifa hiyo. Msomaji anayeziona maana hizi zimepangwa moja baada ya nyingine huenda akadhani kuwa zimekutana kwa bahati. Uhusiano wake hutokeza pindi kitenzi 'poa' kinapoletwa karibu. Chai hupoa, homa hupoa, hasira hupoa. Wanaisimu wa lugha za Kibantu huyahusisha maneno haya na mzizi wa kale wenye maana ya kuwa baridi na kutulia. Ushahidi ulio hai zaidi, hata hivyo, umo katika mazungumzo ya pwani, ambako aliyeambiwa 'pole' hujibu 'nishapoa'. Jibu hili halina maana iwapo 'pole' ni salamu tupu ya huruma. Lina maana tu ikiwa msemaji wa kwanza ametambua kwamba mwenzake alikuwa na moto ndani yake, wa maumivu au wa uchovu au wa uchungu, naye wa pili anamtoa wasiwasi kwamba moto huo umeshuka. (Umbo la wingi, 'poleni', linavutia kwa jinsi linavyofanana na amri, lakini mtafiti asilitegemee sana: 'asanteni' nayo ina kiambishi hichohicho.)

Kwa hiyo 'pole' huelekezwa kwa mwenye joto. Ndiyo sababu husemwa 'pole na safari' na 'pole na kazi', wala hasemeshwi hivyo aliyeamka sasa hivi kutoka usingizini. Na ikiwa hivyo ndivyo, mpole ni mtu ambaye joto lake limewekwa chini ya utawala. Asiye na joto lolote hana cha kupoza. Kiswahili kina neno jingine linalokaribiana nalo kwa sauti, 'kupooza', la kiungo kilichokufa ganzi au mmea ulionyauka. Hapa hapadaiwi nasaba kati ya maneno hayo mawili. Linalodaiwa ni kwamba wahakiki wengi wamekuwa wakilisoma la kwanza kana kwamba ni la pili.

Ukambani, Kiswahili ni lugha ya pili kwa wengi, na chini yake kuna Kikamba. Msemaji wa Kikamba anapotaka kusema 'polepole' husema 'kavola', naye jirani yake Mkikuyu husema 'kahora'. Yeyote aliyefundishwa mlingano wa sauti katika lugha hizi ataona kwamba si maneno mageni kwa 'pole': penye /p/ ya Kiswahili Kikamba huwa na /v/ na Kikuyu huwa na /h/, kama katika 'panda', 'vanda' na 'handa' kwa maana ya kutia mbegu ardhini. Mtoto wa Mwingi au Wote anapokutana na neno 'upole' katika kitabu cha Kiswahili hakutani basi na kitu cha kigeni kilichotoka ng'ambo ya bahari, kama anapokutana na 'wastani' au 'kiasi', ambayo asili yake ni Kiarabu. Maneno hayo mawili yanahusu kipimo: 'wastani' ni kitu kilicho katikati, 'kiasi' ni kadiri iliyokubaliwa. Ni maneno ya sokoni na ya mtabiri wa hali ya hewa. 'Upole' hauna mizani ya namna hiyo. Kadiri yake iko ndani ya mtendaji.

Tofauti hii inaonekana jikoni. Muthokoi, chakula ambacho Wakamba wanajulikana nacho, ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda, kisha yakachemshwa kwa saa nyingi pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Chakula hiki hakiivi kwa moto mkali, kwa maana maji hukauka kabla ya punje kulainika. Wala hakiivi bila moto. Mpishi huambiwa apike polepole, na hakuna anayefikiri kwamba ameambiwa azime jiko. Matumizi haya ya kila siku ndiyo yanayomfanya mzungumzaji wa huko aisikie 'polepole' kama namna ya kufanya kazi. Milima ya Mbooni na Kilungu, katika Makueni ya leo, imejaa matuta yaliyochimbwa na vikundi vya mwethya, wengi wa wachimbaji wakiwa wanawake. Kitui nako kumejengwa mabwawa mengi ya mchanga katika mito ya msimu tangu miaka ya 1990. Kazi zote mbili zina lengo moja, nalo ni kuyapunguza kasi maji yanayokuja kwa fujo na kuondoka siku hiyohiyo. Nchi ambayo haina hakika ya mvua yake, na ambayo ina majina maalumu ya njaa zake, tangu ile ya Ngomanisye ya mwaka 1898 na 1899, ina sababu ya kuuheshimu mwendo wa taratibu kuliko nchi yenye mto usiokauka.

Methali za Kiswahili zinajua jambo hili, ingawa ufafanuzi wake darasani mara nyingi huipoza maana hiyo. 'Polepole ndio mwendo' na 'Mwenda pole hajikwai' hufundishwa kama mawaidha ya subira, nayo kweli yana subira. Lakini iko nyingine isiyokubali kufugwa hivyo: 'Simba mwenda pole ndiye mla nyama.' Mwenda pole wa methali hii ana makucha, na njaa, na shabaha. Upole wake ndio silaha yake, kwa kuwa mnyama anayewindwa hana habari kwamba anawindwa. Anayetafuta katika methali hiyo mfano wa unyenyekevu atakuwa ameisoma kwa macho ya swala. Ikiwekwa kando ya 'Kimya kingi kina mshindo mkuu', methali hiyo inatoa fasili ya upole iliyo kali kuliko ile inayopatikana katika miongozo: nguvu iliyozuiliwa mpaka wakati wake.

Simulizi moja ya Wakamba inaipeleka fasili hii mbali zaidi, na inashangaza kwamba haijapewa nafasi kubwa katika uhakiki wa Kiswahili, ilhali inaihusu pwani moja kwa moja. Ni ngano ya kobe na furukombe, ambayo Alice Werner aliijumuisha katika kitabu chake cha visakale na ngano za Wabantu cha mwaka 1933. Wawili hao wanamposa msichana mmoja wa Kikamba. Baba yake anatoa sharti: atakayeondoka alfajiri, afike pwani na kurudi na chumvi ya bahari kabla ya usiku, ndiye atakayeoa. Furukombe anakubali mara moja. Kobe anasitasita, kisha anakubali kwa masharti kwamba shindano liahirishwe kwa miezi kumi. Furukombe haoni ubaya. Kobe anaondoka kwa siri, anatembea karibu miezi mitano kwenda na mitano kurudi, na chumvi yake anaificha nyumbani. Njiani amepatana na makobe wenzake wakae kila kituo, kila kijito na kila kisima, ili siku ya shindano furukombe akiita kutoka angani ajibiwe kwamba kobe yupo. Siku inapofika, furukombe anaruka, anaita, anajibiwa. Anaita tena mbele, anajibiwa tena. Jioni anaporejea na chumvi yake anamkuta mshindani wake ameshatoa ya kwake.

Ngano za kobe na mnyama mwenye mbio zimeenea barani, na mkakati wa kuwapanga jamaa njiani unapatikana katika nyingi kati yake. Vitabu vya kusoma vya shule za msingi, hata hivyo, vimezoea kuipa nafasi hadithi ya Ugiriki inayohusishwa na Aesop, ambamo sungura analala na kobe anajikongoja hadi mwisho. Tofauti ya hadithi hizi mbili si ndogo. Katika ile ya Kigiriki kobe anashinda kwa sababu ya kosa la mwenzake. Sungura asingelala, hadithi isingekuwepo. Furukombe wa Ukambani halali. Anaruka kwa bidii, anatimiza sharti, hana uvivu wowote wa kulaumiwa. Anashindwa kwa sababu aliitoa miezi kumi bure, akidhani kuwa muda hauna thamani kwa mtu asiye na mabawa. Huo ndio uamuzi unaoamua kila kitu katika ngano hii, nao unafanywa mwanzoni kabisa, kwa maneno machache, wakati mwenye nguvu anapomwonea huruma mwenda pole.

Jambo la pili ni kwamba kobe huyu hakubaki nyumbani. Katika matoleo mengi ya mahali pengine, kobe au mnyama mwingine mdogo huweka jamaa zake njiani na yeye mwenyewe hukaa mwisho wa njia akingoja. Hakimbii hata hatua moja. Kobe wa Ukambani aliitembea safari yote, kwenda na kurudi, na chumvi aliyoitoa ni chumvi kweli. Udanganyifu wake umo katika siku tu, haumo katika kazi. Msimulizi angeweza kumwokolea taabu hiyo bila kuuharibu mwisho, akamfanya anunue chumvi kwa mpita njia, lakini hakufanya hivyo. Hapana budi kuuliza kwa nini. Jibu linaelekea kuwa katika jiografia ya hadithi. Njia yenye vituo na visima kati ya Ukambani na bahari ndiyo iliyokuwa njia ya misafara ya Wakamba waliopeleka pembe pwani katika karne ya 19, na hadhira ya kwanza ya ngano hii ilikuwa na watu walioijua njia hiyo kwa nyayo zao. Ni njia ileile, kwa upande mwingine, aliyoifuata Johann Ludwig Krapf kutoka Rabai hadi Kitui mwaka 1849, alikopokelewa na mfanyabiashara Kivoi. Na Krapf ndiye mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882. Kwa wasikilizaji wa namna hiyo, mwenda pole ni mtu aliyekwenda na akafika. Furukombe aliipita nchi yote kwa siku moja asimjue hata mmoja wa waliomwitikia.

Mhakiki anayetaka kulipima neno 'upole' kwa ngano hii atakumbana na pingamizi la haki: je, kobe ni mpole au ni mjanja tu? Uainishaji wa kawaida wa wahusika wa ngano ungemweka kobe pamoja na sungura katika kundi la wajanja, na suala likafungwa. Hata hivyo sungura wa ngano za Afrika Mashariki hutenda papo kwa papo: anaona mwanya, anaingia. Hana miezi kumi. Kobe hana wepesi wa ulimi. Anachokifanya ni kuomba muda, kutembea, na kuzungumza na wenzake mmoja mmoja. Ushindi wake ni wa jumuiya nzima ya makobe, ambao hakuna hata mmoja wao aliyefanya kitu kikubwa kuliko kukaa mahali pake na kuitikia alipoitwa. Ujanja wa namna hii hauna jina lake katika istilahi za uhakiki, na 'upole' ndilo neno la Kiswahili lililo karibu nao kuliko yote.

Mwaka 1938 historia ilitoa mfano wa karibu mno. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamuru mifugo ya Wakamba wa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni (wilaya hizo zilitenganishwa mwaka 1992), ipunguzwe kwa lazima. Ng'ombe walitwaliwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Chini ya uongozi wa Muindi Mbingu na Ukamba Members Association, umati wa wanaume, wanawake na watoto ulikwenda Nairobi mwezi wa Julai, ukapiga kambi, ukasema kwamba hautaondoka mpaka Gavana ausikilize. Walikaa kwa wiki kadhaa. Hawakuchoma kitu wala hawakumpiga mtu. Walikuwepo tu, na kila walipoulizwa walijibu kwamba wapo. Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukaachwa. Serikali iliyozoea kuwaita watu hawa watiifu ilikuwa imetoa miezi yake kumi bila kujua.

Si lazima kudai kwamba waliokaa Nairobi walikuwa wakiikumbuka ngano ya kobe. Inatosha kuona kwamba tendo lao haliwezi kusomwa kwa istilahi zile za 'mhusika mpole' na 'mhusika mkakamavu' zinazotenganishwa katika miongozo kama vikapu viwili. Tamthilia ya *Amezidi* ya Said Ahmed Mohamed (1995) imewapa wahakiki msamiati mpana wa kuzungumzia ukiukaji wa kiasi. Jina lenyewe la tamthilia, na majina ya wahusika wake Ame na Zidi, yanamlazimisha msomaji afikirie uzidifu. Kwa upande wa pili wa mizani, upande wa aliye na nguvu asiyezidi, msamiati ni haba, na hapo ndipo 'mpole' hubandikwa bila kufikiriwa.

Kuna hatari, bila shaka, katika kulisafisha neno kupita kiasi. Upole umedaiwa sana kwa wasio na uwezo wa kuukataa. Lamu, alikopelekwa Mbingu, iko katika visiwa vilevile vilivyotoa *Utendi wa Mwana Kupona* wa mwaka 1858, ambamo mama anamuusia binti yake adabu, ulimi wa taratibu na utii kwa mume. Kwa miaka mingi utendi huo ulisomwa kama hati ya utiifu wa mwanamke. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alipendekeza usomaji mwingine unaozingatia uwezo wa lugha ya mama huyo na ushairi wake, na tangu hapo si rahisi kumwona Mwana Kupona kama sauti ya kunyenyekea tu. Hata anayekubaliana na usomaji huo, hata hivyo, hawezi kupuuza kwamba upole anaousiwa binti ni wa kuelekezwa juu, kwa mwenye mamlaka, ilhali ule wa simba na wa kobe umechaguliwa na mwenyewe. Neno ni moja. Anayelitamka na anayetamkiwa ndio wanaobadilika.

Mabadiliko ya hivi karibuni katika matumizi ya 'pole' yanazidi kuutatiza mpaka huu. Katika Kiswahili cha bara, Kitui na Makueni zikiwemo, 'pole' sasa husemwa na aliyemkanyaga mwenzake, mahali ambapo mtu wa pwani angesema 'samahani' au 'niwie radhi'. Athari ya Kiingereza inaonekana wazi. Kinachopotea si usahihi wa kisarufi, kama wanavyolalamika wasanifishaji. Ni mpangilio wa nani ana joto na nani analitambua. Aliyekanyaga anamwambia aliyekanyagwa apoe, naye jibu lake huwa 'asante' au 'haidhuru', mara chache sana 'nishapoa'. Vijana wa miji hiyohiyo, wanaojibu 'poa' wakijuliwa hali, wamelirudisha kitenzi chenyewe mdomoni kwa njia ya Sheng, bila kusubiri ruhusa ya kamusi.

Na katika ngano ya kobe na furukombe yuko mtu mmoja ambaye uchambuzi huu, kama ulivyofanya uchambuzi mwingine wowote, umempita kwa haraka. Msichana anaposwa, anashindaniwa, anatolewa. Miezi kumi ambayo kobe aliiomba ilikuwa miezi yake pia, aliyoingoja nyumbani kwa baba yake bila kuulizwa neno, na msimulizi hakuona haja ya kumpa hata sentensi moja ya kusema kama alimtaka yule mwenye mabawa au yule mwenye gamba. Mama Mwana Kupona alikuwa na mengi ya kumwambia binti yake. Mama wa msichana wa Kikamba hatajwi.